Kabla ya kuuona ubongo, nautafuta moyo

Mstari wa kwanza ninaoutafuta kwenye skrini si wa ubongo. Ni wa moyo. Kofia ya kupimia ubongo kwa mwanga ikishamkaa mtu kichwani, taa zake ndogo zikawashwa na vigunduzi vikaanza kupokea mwanga, navuta kiti na kutazama kama kila mstari una yale mawimbi madogo yanayopanda na kushuka takriban mara moja kwa sekunde. Yakiwepo, najua mwanga umeingia kwenye mwili ulio hai, umekutana na damu inayosukumwa, umetoka. Yasipokuwepo, hata mstari ungenyooka na kupendeza vipi, chaneli ile, yaani jozi ile ya taa na kigunduzi, hainifai. Pengine kigunduzi kimelalia nywele, au mwanga unavuja pembeni bila kuingia kichwani hata kidogo.

Kisha jioni nakaa mbele ya kompyuta hiyohiyo na kuyaondoa mapigo yaleyale. Swali langu ni kama sehemu fulani ya ubongo ilifanya kazi zaidi mtu alipokuwa akijumlisha hesabu kichwani, na kwa swali hilo mapigo ya moyo ni kelele. Nimeizoea kazi hii, lakini jambo hilo bado linanishika: kinachonithibitishia kwamba kipimo ni kizima ndicho hichohicho kinachonifunika nisione ninachokitafuta.

Kwa asiyekijua kipimo chenyewe, kwa kifupi kinaitwa fNIRS (functional near-infrared spectroscopy), yaani kuupima ubongo ukiwa kazini kwa mwanga ulio jirani na wekundu. Washa kurunzi gizani, ifunike kwa vidole: vitang'aa vyekundu. Rangi nyingine zimemezwa, nyekundu imepenya. Mwanga ulio mbele kidogo ya wekundu, ambao jicho halioni tena, hupenya zaidi. Kati ya nanomita 650 na 950 hivi, maji na damu haviumezi kwa pupa. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba mwanga huo unaweza kupita ngozi na fuvu bila kumchanja mtu popote, ukaleta habari za oksijeni ndani ya kichwa. Kufikia 1993 makundi ya watafiti Japani, Ujerumani na Marekani yalikuwa yameutumia kuutazama ubongo ukiwa kazini.

Siri iko kwenye himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Iliyobeba oksijeni na isiyoibeba humeza mwanga kwa namna tofauti. Karibu na nanomita 800 zinalingana. Chini ya hapo isiyo na oksijeni humeza zaidi, juu ya hapo yenye oksijeni ndiyo hutawala. Kwa hiyo mashine nyingi hutumia rangi mbili, moja kila upande, mfano 760 na 850, na kutokana na tofauti zake tunakokotoa ipi imeongezeka na ipi imepungua. Hesabu hiyo aliiweka sawa David Delpy na wenzake London mwaka 1988. Sehemu ya ubongo ikianza kazi, damu humiminika pale kuliko hata inavyohitajika: yenye oksijeni inapanda, isiyo na oksijeni inashuka kidogo, na kilele huja sekunde tano au sita baadaye. Umbo hilo, polepole na la aibu, ndilo tunalowinda.

Sasa fikiria njia ya mwanga. Kwa mtu mzima, taa na kigunduzi hukaa kama sentimita 3 mbalimbali. Mwanga hutoka kwenye taa, ukavuka ngozi, ukavuka fuvu, ukagusa tabaka la juu la ubongo, ukageuka, ukavuka fuvu tena na ngozi tena. Sehemu kubwa ya safari iko nje ya ubongo. Ngozi ya kichwa nayo ina damu, tena nyingi, kama anavyojua yeyote aliyewahi kupasuka kichwani kwa jiwe dogo tu. Kila jambo linalotikisa damu hiyo huandikwa kwenye mstari wangu sawasawa na linalotikisa damu ya ubongo. Kigunduzi hakina namna ya kuzitenganisha.

Kelele nyingine zina anwani. Moyo uko kwenye pigo moja kwa sekunde au zaidi kidogo. Pumzi iko kwenye sekunde tatu, nne. Kichujio cha kawaida kinaukata moyo bila kuugusa mwitikio wa ubongo, ambao ni wa polepole zaidi. Kelele ya mashine yenyewe, inayotokana na uchache wa mwanga unaofika, hupungua ukirudia jaribio mara nyingi na kuchukua wastani. Mwanga wa jua na wa taa za dari unazibwa kwa kitambaa cheusi juu ya kofia. Haya hayanikoseshi usingizi.

Yanayonikosesha ni yale yanayotembea kwa mwendo uleule wa jambo ninalolitafuta. La kwanza ni mawimbi ya Mayer. Siegmund Mayer aliyaeleza mwaka 1876, karne nzima kabla ya Jöbsis: shinikizo la damu la mtu hupanda na kushuka lenyewe, kila baada ya sekunde kumi hivi, hata akiwa amekaa kimya hafikirii lolote. Sasa chukua jaribio ambalo mtu anagonga vidole kwa sekunde tano na kupumzika sekunde tano. Mzunguko mzima ni sekunde kumi. Umeiweka ishara yako kwenye kiti kimoja na wimbi la Mayer, na hakuna kichujio kitakachomtoa mmoja kikambakiza mwingine, kwa kuwa kichujio kinatofautisha kwa mwendo tu, na mwendo wao ni mmoja. Nikipewa data ya namna hiyo nisafishe, jibu langu ni kwamba usafi wake ulipaswa kufanyika siku ya kupanga jaribio. Mapumziko yangepishana, mara sekunde 12, mara 17, mara 21, bila mpangilio ambao mwili unaweza kuufuata, na wimbi la Mayer lingejifuta lenyewe kwenye wastani. Sehemu kubwa ya kupunguza kelele hufanywa kwa kalamu na karatasi kabla mtu hajavaa kofia, na ni sehemu inayopewa heshima ndogo sana.

La pili ni zito zaidi, na hapa nataka tukae.

Kuna jaribio maarufu la ufasaha wa maneno: mtu anapewa herufi au silabi, anataja maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza nayo, huku paji la uso likipimwa. Mstari wa oksijeni hupanda vizuri. Japani walilichukua jaribio hili hadi kliniki. Mwaka 2009 liliruhusiwa kama teknolojia ya juu ya tiba ya kusaidia kutofautisha aina za maradhi ya akili, na mwaka 2014 likaingia kwenye bima ya afya ya taifa kwa wagonjwa wenye dalili za sonona. Yaani mstari ule una neno kwenye matibabu ya mtu.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani wenyewe, Takahashi na wenzake, walipima upya paji la uso wakati wa jaribio lilelile, safari hii wakichunguza mwanga umetoka kina gani. Wakaona kwamba sehemu kubwa ya kile kilichopanda kingeweza kuelezwa na damu ya ngozi. Mwaka uliofuata Evgeniya Kirilina na wenzake, Berlin, waliweka watu ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, huku wakiwapima kwa mwanga, wakaonyesha mahali kelele inapokaa: mishipa ya ngozi ya paji, ambayo nayo huitikia kazi ya kufikiri kwa sababu mfumo wa neva unaoongoza moyo na mishipa huitikia. Mtu akikaza akili, mwili wote unajua. Paji linaitika kwa wakati uleule ambao ubongo unaitika, kwa umbo linalokaribiana.

Hii ndiyo kelele ninayoiogopa. Haiji ovyo. Inakuja na swali lako, inaondoka na swali lako, na ukirudia jaribio mara mia inakuwa safi zaidi kila mara. Wastani, ambao ni rafiki yetu kwenye kelele nyingine zote, hapa unaipamba. Mtu anaweza kuchora grafu nzuri, akapata namba ya takwimu inayompendeza mhariri wa jarida, na akawa amepima ngozi. Sisemi kwamba jaribio la Japani halina thamani kwa daktari. Huenda mwili wa mgonjwa unaitika tofauti na wa mtu mwenye afya, na tofauti hiyo ikawa na msaada. Lakini mgonjwa anapoambiwa kwamba tumeutazama ubongo wake, anastahili iwe kweli.

Dawa iliyopatikana ni rahisi kiasi kwamba inanifurahisha kila ninapoieleza. Unaongeza kigunduzi kingine karibu sana na taa, milimita 8 hivi badala ya sentimita 3. Kwa umbali huo mwanga hauzami. Unapita kwenye ngozi na fuvu, unatoka. Chaneli hiyo fupi haiujui ubongo. Inasikia ngozi peke yake, na ngozi ileile inayoichafua chaneli ndefu. Ni kama mama anavyompima mtoto asiyetulia kwenye mizani: anapanda akiwa amembeba, kisha anapanda peke yake, na tofauti ndiyo uzito wa mtoto. Rolf Saager na Andrew Berger waliionyesha njia hii mwaka 2005, na tangu hapo, kwa maoni yangu, hakuna hatua kubwa kuliko hiyo katika fani hii.

Utekelezaji una vipengele vyake. Huwezi kutoa mstari mmoja kwenye mwingine moja kwa moja, kwa sababu mwanga wa chaneli ndefu umetembea zaidi. Unatafuta kwanza ni kiasi gani cha mstari mfupi kinaeleza mstari mrefu, ndipo unatoa kiasi hicho. Tena ngozi ya kichwa si moja kila mahali. Louis Gagnon na wenzake walionyesha kwamba chaneli fupi inasaidia vizuri ikiwa haizidi sentimita 1.5 kutoka kwenye ile ndefu. Ukiiweka utosini kusafisha paji, unasafisha kwa maji ya mto mwingine. Na kwa mtoto mchanga, ambaye fuvu lake ni jembamba, milimita 8 zinaweza kuufikia ubongo tayari, kwa hiyo umbali unashuka hadi milimita 2 hivi, jambo ambalo kifaa chenyewe hakiruhusu kila mara.

Kinachonivutia ni mwelekeo wa fikra. Kichujio kinabashiri: kelele huwa na mwendo huu, basi kata mwendo huu. Chaneli fupi haibashiri. Inaipima kelele yenyewe, kwa mtu huyu, siku hii, dakika hii. Mimi naamini kelele isiyopimwa haijaondolewa, imefichwa tu. Na ndiyo maana nikisoma ripoti ya fNIRS naruka hadi sehemu ya mbinu kutafuta kama chaneli fupi zilikuwepo kabla ya kusoma matokeo.

Miendo ya kichwa nitaipitia haraka. Mtu akipandisha nyusi au akitafuna, kofia inateleza kidogo na mstari unaruka, mara kama mwiba, mara kama ngazi isiyorudi chini. Kuna mbinu nyingi za kurekebisha. Mwaka 2014 Sabrina Brigadoi na wenzake walizilinganisha kwa data ngumu makusudi, ya watu waliokuwa wakijibu kwa sauti hivyo taya zao zikitikisa kofia wakati uleule wa jibu. Mbinu ya kuuvunja mstari katika vipande vya mawimbi madogo ilipunguza uchafu katika asilimia 93 ya matukio, na somo lao lililo muhimu zaidi kwangu ni kwamba kurekebisha karibu kila mara ni bora kuliko kulitupa jaribio zima. Kwa watoto, ambao unapata dakika chache kabla hawajaichoka kofia, hilo ni jambo kubwa.

Ila kuna kelele isiyo na kanuni ya hesabu, nayo ni nywele.

Binti mmoja Mtanzania alijitolea kwenye maabara yetu, akaja amesukwa twende kilioni, mistari imenyooka toka paji hadi kisogoni. Aliponiona tu akabadili lugha. "Dada, shikamoo. Nimesukwa juzi, tena kwa hela nyingi. Hamtanifumua?" Nikamwambia marahaba, hatufumui mtu. Kumbe mtindo ule ulikuwa rafiki. Kati ya kila mstari na mstari ngozi iko wazi. Nilichukua fito ya kitana, nikawasha taa ya kichwani, nikaisogeza kofia taratibu, nusu sentimita huku, nusu sentimita kule, hadi matundu mengi ya kofia yakaangukia kwenye njia za msuko. Pale yalipogoma nilisukuma nywele kando kwa kijiti cha pamba chenye jeli, ile ya ultrasaundi, ili zisirudi. Ilichukua muda mrefu. Yeye alinisimulia msusi wake, mimi namtazama tundu kwa tundu. Kisha tukageukia skrini pamoja, na mistari ikaanza kuonyesha moyo, mmoja baada ya mwingine. Mabutu yangenipa kazi zaidi, rasta nene zaidi ya hapo, na nywele za kipilipili zilizoachwa zikakua bila kusukwa ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu zimejaa kila mahali na hazina njia.

Sababu ni ya fizikia. Unywele una melanini, ile rangi ya asili ya nywele na ngozi, na melanini humeza mwanga huu. Nywele nyingi, nyeusi, zilizojikunja chini ya kigunduzi zinaweza kuubakiza mwanga kidogo sana. Ngozi nyeusi nayo humeza, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko nywele. Hapa watu huchanganya mambo mawili, na ni vizuri kuyatenga. Melanini haibadiliki katikati ya jaribio. Hesabu yetu inalinganisha mwanga wa sasa na wa mwanzo, kwa hiyo kinachokaa palepale kinajifuta. Melanini haizushi mwitikio wa ubongo ambao haupo. Inachofanya ni kupunguza mwanga, na mwanga ukipungua mara nne, uwiano wa ishara na kelele hupungua mara mbili hata kifaa kiwe kamilifu. Mstari unabaki wa kweli lakini unatetemeka, na kompyuta iliyoamriwa kutupa chaneli dhaifu inaitupa.

Chaneli zikitupwa nyingi, mtu anatupwa. Kwenye ripoti inaandikwa sentensi moja: washiriki kadhaa waliondolewa kwa ubora duni wa ishara. Ukijua nywele zinafanya nini, unajua ni akina nani hao. Hivyo kanuni ambayo nia yake ni njema kabisa, ya kutunza data safi, inamtoa Mwafrika mlangoni, halafu matokeo yanaitwa ubongo wa binadamu.

Tumeshaona linakoelekea. Kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, ambacho wengi wetu tulikijua wakati wa UVIKO-19, ni ndugu wa karibu wa kipimo hiki. Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden huko Japani, alikuwa akipima, kwa kifaa cha sikioni, kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kutumia rangi iliyodungwa mshipani, na mapigo ya moyo yakawa yanamharibia mstari wake. Akatafuta kuyafuta kwa kulinganisha mwanga wa rangi mbili. Alipoona kwamba ufutaji unavurugika kila oksijeni ya damu inapobadilika, akaelewa kwamba kelele ile ilikuwa imebeba kipimo cha oksijeni. Mwaka 1974 akakiwasilisha, na leo kiko kwenye wodi nyingi duniani. Lakini mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake, Michigan, walichapisha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya ulivyotokea kwa weupe. Karibu nusu karne ya matumizi. Kile si kisa cha nywele, wala hitilafu yake si sawa na ya kwetu, kwa maana kidole kinadai namba kamili na sisi tunadai mabadiliko tu. Lakini vyote viwili vilisanifiwa na kujaribiwa zaidi kwa miili ya aina moja.

Na haina maana kwamba haiwezekani. Tangu 2012 watafiti wa Uingereza na Gambia wamekuwa wakiwapima watoto wachanga kwa fNIRS kijijini Keneba, Gambia, kwenye kituo cha utafiti kilichopo huko, na mwaka 2014 Sarah Lloyd-Fox na wenzake wakachapisha matokeo ya kwanza. Mashine ya MRI usingeipeleka Keneba. Kofia yenye taa ilifika. Mtoto mchanga ana fuvu jembamba na nywele chache, mwanga unapita vizuri, na mradi uliofuata, BRIGHT, uliwafuatilia watoto wa Gambia na wa Uingereza wakikua kwa vipimo vilevile. Nikisoma kazi yao nafikiria Kilosa, nafikiria zahanati ambazo hazitaona MRI kwa miaka mingi ijayo, na mtoto aliyepona malaria ya kichwani ambaye mama yake anataka tu kujua kama atasoma kama wenzake. Kipimo hiki hakijafika mahali pa kumjibu mama huyo mmoja kuhusu mtoto wake mmoja. Kinachokizuia ni kelele hizi ninazozisimulia: nywele, ngozi, shinikizo, mwendo.

Kwa sasa tunachofanya maabara ni haya. Mshiriki anapangiwa saa nzima ya kuvalishwa kofia kama nywele zinahitaji, na kabla hajaja anaulizwa kwa heshima amesukwaje, ili kama ana nafasi ya kusuka aje na mistari. Chaneli fupi ni lazima. Mkanda wa pumzi na kipimo cha shinikizo la damu vinarekodi pamoja na kofia. Na kwenye kila ripoti tunaandika chaneli ngapi zilitupwa kwa kila mtu, pamoja na aina ya nywele zake, hata pale ambapo jarida halikuuliza. Wiki ijayo naanza kujaribu vigunduzi vyenye ncha nyembamba ya mpira laini inayojipenyeza kati ya nywele, kwa watu wenye kipilipili ambacho hakijasukwa. Walio karibu na wanaopenda kujitolea waniandikie.